Sanduku Limejaa: Onyo la Kweli, Onyo la Uongo

 Makala haya yanahusu sentensi moja fupi ambayo kila siku huingia katika kompyuta za ofisi duniani kote, nayo husema: "Sanduku lako la barua pepe limejaa." Pengine ni kweli. Pengine kompyuta imekosea hesabu. Na pengine ni mwizi anayebisha hodi. Kuzitofautisha hali hizo tatu hakumhitaji mtu awe fundi wa kompyuta. Lakini asiyezijua tofauti hizo anaweza kumkabidhi mtu asiyemfahamu ufunguo wa ofisi nzima.

Katika jiji la Brussels, makao makuu ya Ubelgiji, iko manispaa iitwayo Forest kwa Kifaransa na Vorst kwa Kiholanzi. Ni moja kati ya manispaa 19 zinazounda mkoa wa Brussels, na ina wakazi zaidi ya elfu 50. Wapenzi wa muziki wanaijua kwa ukumbi wake wa Forest National, uliofunguliwa mwaka 1970. Wapenzi wa sanaa huenda Wiels, kiwanda cha zamani cha bia kilichofunguliwa upya mwaka 2007 kama kituo cha sanaa za kisasa. Na kwa miongo mingi wafanyakazi walikijua kiwanda cha magari cha Volkswagen, ambacho baadaye kilikuwa cha Audi. Kiwanda hicho kilifungwa tarehe 28 Februari mwaka 2025, na watu wapatao 3,000 waliachwa bila kazi hiyo.

Mahali kama hapo barua pepe si anasa. Mtu anayesubiri kuitwa kwenye usaili wa kazi hathubutu kuiacha barua moja impite. Mwenye kampuni ndogo ya usafi au ya kubeba mizigo hupokea ankara, malipo na malalamiko kupitia sanduku hilo hilo. Kwa hiyo ujumbe unaosema kwamba sanduku limejaa humgusa mtu mahali penye maumivu, yaani katika hofu ya kukosa.

Chukua mfano, msikilizaji. Ni mfano wa kubuni, lakini mambo yake ni ya kawaida kabisa. Mama mmoja mzaliwa wa Bukavu, mashariki mwa Kongo, ni karani wa hesabu katika kampuni ndogo iliyoko Forest. Jumatatu asubuhi anafungua kompyuta na kukuta ujumbe kwa lugha ya Kifaransa. Unaeleza kwamba sanduku lake limejaa kwa asilimia 98, kwamba barua sita zimezuiwa zisimfikie, na kwamba asipochukua hatua katika muda wa saa 24 akaunti yake itafungwa. Chini yake kuna kibonyezo cha buluu kilichoandikwa: "Ongeza nafasi bure." Nembo ni ile anayoiona kila siku. Na kweli wiki iliyopita mteja mmoja alilalamika kwamba barua yake haikujibiwa.

Je, abofye?

Sanduku lina kikomo kweli

Kabla ya kumjibu, ni vyema kufahamu kwamba masanduku ya barua pepe hujaa kweli. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 huduma maarufu ya Hotmail ilimpa mtumiaji wa bure megabaiti 2 tu, kiasi ambacho leo picha moja ya simu inaweza kukimaliza. Tarehe mosi Aprili mwaka 2004 kampuni ya Google ilipotangaza huduma ya Gmail yenye gigabaiti nzima, watu wengi walidhani ni mzaha wa siku ya wajinga. Haukuwa mzaha, na tangu hapo masanduku yamezidi kupanuka. Katika huduma ya Microsoft inayotumiwa na ofisi nyingi, sanduku la kawaida la mfanyakazi ni la gigabaiti 50 au 100, kutegemea aina ya mkataba wa mwajiri.

Kikomo hicho huwekwa kwa ngazi tatu. Katika sanduku la gigabaiti 50, ikiwa msimamizi hakubadilisha chochote, onyo hutolewa matumizi yanapofika gigabaiti 49. Yakifika 49 na nusu, mtumiaji hawezi tena kutuma barua. Yakifika 50, hawezi kutuma wala kupokea. Ndiyo kusema, onyo la kweli huja kabla ya adhabu, na adhabu yenyewe ni kuzuiwa kutuma na kupokea. Akaunti haifutwi kwa saa 24, wala barua za zamani haziteketezwi.

Kuna jambo jingine linaloufichua uongo. Barua inayopelekwa kwenye sanduku lililojaa haikai mahali fulani ikingoja mwenyewe abofye kibonyezo. Ama inabaki kwenye seva ya mtumaji ikijaribu tena baada ya muda, ama inarudishwa kwa mtumaji pamoja na taarifa kwamba sanduku la mlengwa limejaa. Taarifa hiyo mara nyingi huwa na namba 5.2.2, ambayo ni namba iliyokubaliwa kimataifa kwa hali hiyo. Kwa hiyo anayejua kwanza kwamba sanduku limejaa kabisa mara nyingi ni yule aliyeandika barua. Ni kweli kwamba ofisi nyingi zina karantini ya barua, lakini karantini hiyo huzuia barua zinazotiliwa shaka kuwa ni taka au zina virusi. Haihusiani na nafasi. Ujumbe unaochanganya mambo hayo mawili, kwamba sanduku limejaa na kwamba kuna barua sita zimefungiwa, unastahili kutiliwa shaka hapo hapo.

Kosa la mashine

Kuna pia onyo lisilokuwa na mwizi nyuma yake, lakini ambalo bado si sahihi, au ni sahihi kuhusu kitu kingine. Haya ndiyo yanayowachosha mafundi wa ofisi, kwa sababu mfanyakazi huapa kwamba amefuta barua elfu moja na bado anaambiwa sanduku limejaa.

Sababu ya kwanza ni pipa la taka. Barua iliyofutwa huhamia kwenye folda ya vilivyofutwa, na humo huendelea kuhesabiwa mpaka folda yenyewe itakapomwagwa. Mfanyakazi amehamisha takataka kutoka sebuleni hadi ukumbini, nyumba ni ile ile.

Sababu ya pili ni viambatisho. Barua pepe ilibuniwa kwa ajili ya maandishi, na faili inapoambatishwa hubadilishwa kuwa herufi za kawaida ili iweze kusafiri. Mabadiliko hayo huiongezea ukubwa kwa takriban theluthi moja. Faili ya megabaiti 9 husafiri ikiwa na megabaiti 12. Tena mfanyakazi akiijibu barua na kuipeleka faili hiyo hiyo kwa wenzake, nakala nyingine hubaki katika folda ya zilizotumwa. Mara nyingi folda ya zilizotumwa ndiyo iliyovimba, na watu hawaikumbuki.

Sababu ya tatu ni kuchanganya maghala mawili. Programu ya Outlook iliyo katika kompyuta huweka nakala ya barua katika faili moja kubwa ndani ya kompyuta hiyo. Tangu toleo la mwaka 2010, faili hiyo ina kikomo cha kawaida cha gigabaiti 50. Ikiwa mwajiri amemlipia mfanyakazi sanduku la gigabaiti 100, inawezekana faili ya kwenye kompyuta ikagonga ukuta wakati sanduku lenyewe, lililo kwenye seva, bado lina nafasi tele. Programu italalamika, na malalamiko yake ni ya kweli kuhusu kompyuta, lakini ni ya uongo kuhusu sanduku. Dawa yake si kufuta barua. Ni kuiagiza programu ihifadhi kwenye kompyuta barua za mwaka mmoja au miezi michache tu, na nyingine zibaki kwenye seva.

Sababu ya nne ni nafasi ya pamoja. Katika akaunti ya binafsi ya Google, gigabaiti 15 za bure zinagawanywa kati ya barua, picha na nyaraka. Mtu anaweza kuwa na barua chache sana, lakini video za harusi alizozihifadhi kutoka kwenye simu zikaziba njia ya barua. Tangu Februari mwaka 2023, kampuni ya Microsoft nayo huhesabu viambatisho vya akaunti za binafsi za Outlook.com katika nafasi ya jumla ya hifadhi yake ya mtandaoni. Mtu hufuta barua, kumbe ilimpasa kuangalia picha.

Sababu ya tano ni kuchelewa kwa hesabu. Seva haihesabu upya kila sekunde. Onyo linaweza kuandikwa kwa hesabu ya zamani na kumfikia mfanyakazi baada ya yeye kwisha kusafisha. Hapo subira inatakiwa: angoje saa kadhaa, kisha atazame tena kipimo kabla ya kuanza kufuta barua ambazo kesho atazihitaji. Na mwishoni, katika ofisi nyingi mfanyakazi mmoja husimamia sanduku lake pamoja na sanduku la pamoja, kwa mfano lile la maulizo ya wateja. Onyo huenda linahusu lile la pamoja, naye anahangaika na la kwake.

Hodi ya mwizi

Sasa msikilizaji, mrudie yule mama wa Forest. Ujumbe wake haukutoka kwa mashine iliyokosea. Ni mtego. Je, angejuaje?

Kwa miaka mingi ushauri uliotolewa ulikuwa kutazama makosa ya tahajia. Ushauri huo ulikuwa na kasoro tangu mwanzo, nao umezidi kuchakaa. Forest ni mahali pa lugha mbili rasmi, Kifaransa na Kiholanzi, na katika ofisi nyingi za Brussels Kiingereza huongezeka kuwa lugha ya tatu. Kwa mfanyakazi aliyelelewa katika Kiswahili na Kishi, hizo zote ni lugha za shuleni na kazini. Kumwambia atambue utapeli kwa kusikia kwamba sentensi fulani ya Kiholanzi imepinda ni kumtaka apime dhahabu kwa mizani ambayo hakupewa. Na tangu kuenea kwa programu za akili bandia zinazoandika kwa ufasaha katika lugha nyingi, hata mzaliwa wa Flanders hawezi kuitegemea mizani hiyo. Barua ya mwizi leo inaweza kuwa safi kuliko ya mkurugenzi.

Basi badala ya kusikiliza lugha, na atazame mambo manne ambayo hayategemei lugha.

La kwanza ni anwani ya mtumaji. Jina linaloonekana juu ya ujumbe huandikwa na mtumaji jinsi apendavyo, kama vile mtu anavyoweza kujibandika kifuani kibandiko cha "Mkurugenzi". Kinachotakiwa ni kubofya jina hilo ili anwani yenyewe ionekane. Hata hivyo anwani safi si ushahidi kamili, kwa sababu ujumbe unaweza kutoka kwenye sanduku halisi la mwenzake ambalo tayari limeibwa.

La pili ni kiungo. Mshale wa kompyuta ukiwekwa juu ya kibonyezo bila kubofya, anwani ya tovuti hujitokeza. Anwani hiyo isomwe kwa kuanzia kwenye mkwaju wa kwanza unaofuata jina la tovuti, kurudi nyuma kuelekea kushoto. Maneno mawili yaliyo karibu zaidi na mkwaju huo, yanayotenganishwa na nukta, kwa kawaida ndiyo yanayomtaja mwenye tovuti. Yaliyotangulia ni mapambo tu. Anwani inaweza kuanza kwa jina la kampuni kubwa na kumalizikia kwa jina la mtu asiyejulikana, kama bahasha iliyoandikwa "Ikulu" kwa herufi kubwa na chini yake anwani ya nyumba ya mwizi. Alama ya kufuli kwenye kivinjari haisaidii hapa. Inathibitisha kwamba mazungumzo na tovuti hiyo yamefichwa wasiyasikie wengine, lakini haisemi kwamba anayezungumza naye ni mwaminifu.

La tatu ni kile kinachoombwa. Onyo la kweli la nafasi humtaka mtu apunguze barua zake. Onyo la uongo humtaka aandike neno la siri. Hakuna uhusiano wowote kati ya kuwa na barua nyingi na kulitaja neno la siri. Karani wa posta anayemwambia mteja kwamba kisanduku chake kimejaa hana haja ya kuomba ufunguo wa nyumba yake.

La nne ni haraka. Saa 24, saa mbili, dakika 30: muda huo mfupi umewekwa ili mtu asipate nafasi ya kumuuliza mwenzake. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka, na katika jambo hili haraka ndiyo silaha yenyewe.

Lakini iko njia moja iliyo nyepesi kuliko zote hizo, nayo hufanya kazi hata kama mtu hajui kusoma anwani. Asiuguse ujumbe huo kabisa. Afungue mwenyewe programu yake ya barua, aende kwenye mipangilio, na aitafute sehemu ya akaunti au hifadhi. Humo mna kipimo kinachoonyesha nafasi iliyotumika na iliyobaki. Kikisema gigabaiti 6 kati ya 50, mjadala umekwisha. Ujumbe ulikuwa wa uongo, uwe na nembo gani na uwe na ufasaha gani. Kikisema 49 kati ya 50, basi sanduku limejaa kweli, na bado hana sababu ya kubofya. Atapunguza barua kutoka humo humo ndani. Kanuni ni kwamba habari inayoletwa mlangoni na mgeni hupimwa kwa kipimo kilicho ndani ya nyumba.

Kinachofuata baada ya kubofya

Huenda msikilizaji akauliza: mwizi ana faida gani na sanduku la karani wa kampuni ndogo? Jibu ni kwamba mara nyingi mwizi hana haraka ya kuiba. Huingia, hukaa kimya, na husoma. Hujifunza ni nani hulipa, ni nani huidhinisha, ankara zina sura gani, na mkurugenzi huwasalimuje wafanyakazi wake. Mara nyingi huweka kanuni ya siri inayopeleka nakala za barua kwenye anwani yake, au inayozificha barua zenye neno "ankara" zisionekane na mwenye sanduku. Kisha siku ya malipo makubwa hutuma ujumbe mmoja kutoka ndani: "Tumebadilisha benki, tafadhali tumieni namba hii mpya."

Idara ya upelelezi ya Marekani, FBI, iliripoti kwamba katika mwaka 2023 pekee hasara zilizolalamikiwa kutokana na ulaghai wa barua pepe za kibiashara zilifikia dola bilioni 2.9. Raia mmoja wa Lithuania, Evaldas Rimasauskas, alizituma ankara za uongo kwa kampuni za Google na Facebook kati ya mwaka 2013 na 2015 na kujipatia zaidi ya dola milioni 100. Mwaka 2019 mahakama ya New York ilimhukumu kifungo cha miaka mitano. Ikiwa kampuni zilizojenga mtandao wenyewe zililipa ankara za uongo, karani wa Forest hana sababu ya kujiona mjinga.

Na Brussels yenyewe ina historia yake. Januari mwaka 2016 benki ya Ubelgiji iitwayo Crelan ilitangaza kwamba ilikuwa imetapeliwa zaidi ya euro milioni 70. Ulaghai huo uligunduliwa katika ukaguzi wa ndani, na benki ilisema wateja wake hawakuathirika. Benki inaweza kulibeba pigo kama hilo. Kampuni yenye wafanyakazi wanane, inayolipa mishahara kila mwisho wa mwezi kutokana na malipo ya wateja watatu, haiwezi. Na kwa watu wengi wa Afrika Mashariki wanaoishi Ulaya, mshahara huo mmoja una milango mingi: kodi ya nyumba Brussels, karo ya shule Bukavu, dawa za mzazi Bujumbura.

Aliyekwisha kubofya afanye nini?

Tuseme yule mama alibofya, akaandika neno la siri, na ukurasa ukamjibu: "Asante, nafasi imeongezwa." Dakika kumi baadaye moyo unaanza kumwenda mbio. Hapo ndipo saa zinapoanza kuhesabika, na hatua ya kwanza ndiyo ngumu kuliko zote: kusema.

Mfanyakazi mgeni, mwenye mkataba wa muda, huogopa kwamba akikiri atafukuzwa. Kwa hiyo hunyamaza na kuomba Mungu lisitokee la kutokea. Lakini mficha maradhi, kifo humuumbua. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, sheria ya ulinzi wa data inamtaka mwajiri aijulishe mamlaka husika katika muda wa saa 72 tangu alipotambua kwamba taarifa za watu zimevuja, pale ambapo uvujaji huo unaweza kuwadhuru. Kenya ina muda kama huo katika sheria yake ya mwaka 2019. Na benki ikiarifiwa siku ile ile, fedha zilizotumwa kimakosa zina nafasi ya kuzuiwa. Zikipita siku tatu, zimekwisha kuvuka mipaka kadhaa. Mwajiri mwenye busara hujua kwamba mfanyakazi anayekuja mbio kusema "nimekosea" amemwokolea fedha, na akimwadhibu, wa pili atakayekosea hatakuja.

Fundi aliyezoea kazi hiyo hatamkaripia. Atamwambia: "Mama, usihangaike, umefanya vizuri kuniita. Niambie tu uliandika nini na saa ngapi." Kisha hatua zitafuata kwa utaratibu huu. Neno la siri libadilishwe kutoka kwenye kompyuta nyingine iliyo salama, kwa kuiandika anwani ya huduma kwa mkono. Vifaa vyote vilivyoingia katika akaunti vitolewe nje, kwa sababu kubadilisha neno la siri peke yake huenda kusimwondoe aliyekwisha kuingia. Kanuni za kupeleka barua zikaguliwe moja baada ya nyingine, na ile isiyojulikana ifutwe. Namba ya simu na anwani ya akiba zilizoandikishwa kwa ajili ya kurejesha akaunti zitazamwe, zisije zikawa za mwizi. Kama neno hilo la siri lilitumika pia kwingineko, huko nako libadilishwe. Na wateja wajulishwe kwa simu, si kwa barua pepe, kwamba maagizo yoyote ya kubadilisha benki yasifuatwe.

Je, uthibitishaji wa hatua mbili, ule wa kupokea namba kwenye simu, haumlindi? Unamlinda sana dhidi ya wezi wengi, na asiyekuwa nao auweke leo. Lakini ziko kurasa za uongo zinazoomba hata namba hiyo na kuipeleka kwenye huduma halisi papo hapo, kabla haijaisha muda. Ufunguo wa kielektroniki, au ule uliohifadhiwa ndani ya simu na kufungamanishwa na tovuti moja tu, ni madhubuti zaidi, kwa sababu haufanyi kazi kwenye tovuti ya bandia hata kama mwenyewe amedanganyika.

Mahali pa kutoa taarifa

Nchini Ubelgiji, ujumbe unaotiliwa shaka hupelekwa kwa anwani suspicious@safeonweb.be, ambayo ni ya huduma ya Safeonweb inayoendeshwa na Kituo cha Usalama wa Mtandao cha nchi hiyo. Viungo vilivyomo hukaguliwa, na vikionekana kuwa vya kitapeli, watu wengine wanaovibofya nchini humo wanaweza kuelekezwa kwenye ukurasa wa tahadhari. Mwaka 2023 wananchi walipeleka karibu jumbe milioni 10. Kwa hiyo yule mama akiupeleka wa kwake, huenda anamwokoa jirani asiyemjua. Nchini Kenya kuna kitengo cha KE-CIRT chini ya Mamlaka ya Mawasiliano, Tanzania kuna TZ-CERT chini ya TCRA, na Uganda kuna CERT-UG.

Tangu tarehe 9 Oktoba mwaka 2025, benki za nchi zinazotumia sarafu ya euro zinatakiwa pia kulinganisha jina la mpokeaji na namba ya akaunti kabla fedha hazijatumwa, na kumwonya mteja vinapotofautiana. Ni kizuizi kizuri, ila kinafaa tu ikiwa anayelipa anasoma onyo hilo badala ya kulipuuza. Hapo ndipo kejeli ya jambo hili ilipo. Watu wamezoeshwa maonyo mengi ya uongo hata yale ya kweli wanayapita bila kuyaangalia.

Dawa ya mazoea hayo si woga. Ni tabia moja ndogo, inayoweza kufundishwa kwa dakika tano kwa karani, mwalimu, muuguzi au katibu wa chama cha wanakijiji wanaoishi ughaibuni. Onyo likija, mtu auache ujumbe, aingie ndani kwa mlango wake mwenyewe, na atazame kipimo. Kisha, kama bado ana shaka, amuulize mwenzake aliye meza ya pili. Katika mfano wa Forest, meza hiyo ilikuwa hatua nne tu kutoka alipokuwa yule mama, na mwenzake huyo naye alikuwa amepokea ujumbe ule ule asubuhi ile ile, ukiwa na asilimia 98 ile ile.